Tasnifu ya Mwaka wa Mwisho Lamu na Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetaka kufanya utafiti wake mwenyewe Lamu au Malindi, awe mwenyeji au mgeni. Vibali, majira na hojaji vimepewa nafasi kubwa kwa kuwa humo ndimo tasnifu nyingi zinamokwama. Mambo ya jalada na ukurasa wa shukrani utayapata kwenye mwongozo wa chuo chako.

Tasnifu ya heshima ni ile ile projekti ya mwaka wa nne?

Zinafanana, lakini hazilingani. Kenya, projekti ya mwaka wa mwisho huwa ni somo moja kati ya masomo mengi, na daraja la shahada hutoka kwenye wastani wa yote. Katika vyuo vingi alama 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, na 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu. Marekani tasnifu ya heshima ni ya hiari. Mwanafunzi huiomba mwaka wa tatu akiwa na wastani mzuri, mara nyingi kati ya 3.3 na 3.7 katika kipimo cha 4, huifanya kwa mihula 2, na huitetea mbele ya wasomaji 2 au 3. Akifaulu, cheti chake huandikwa kuwa amehitimu kwa heshima.

Tusiichanganye na shahada ya heshima anayotunukiwa mtu mashuhuri. Ile haina hojaji.

Nianze na mada au nianze na msimamizi?

Anza na mada nusu, kisha tafuta msimamizi wa kuikamilisha. Ukienda mikono mitupu utapewa mada iliyobaki kwenye faili la mtu. Ukienda na mada iliyokwisha kuganda utabishana naye muhula mzima. Mpelekee ukurasa 1 wenye mambo manne: unataka kujua nini, utakijua kwa kumuuliza nani au kupima nini, utakuwa wapi kwa siku ngapi, na ni maandishi gani 5 uliyokwisha kuyasoma. Msimamizi akiuona ukurasa huo anajua papo hapo kama ana la kukusaidia.

Mwulize pia, kwa adabu, kama atakuwepo miezi utakayokuwa uwanjani. Msimamizi hodari aliye likizoni hana faida kwa mtu aliyekwama Faza, kisiwani Pate, na hojaji 40 zisizojibika.

Nitajuaje kuwa mada yangu ni pana mno?

Kama kichwa chake kinaanza na "Athari za utalii Lamu", ni pana mno. Utalii upi, athari juu ya nini, Lamu ipi? Lamu ni mji, ni kisiwa, na ni kaunti yenye Pate, Manda, Kiwayu, Witu na Mpeketoni ndani yake.

Chukua mada hiyo uikate. Badala ya utalii, chukua nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani zilizogeuzwa nyumba za wageni. Badala ya athari, uliza ni sehemu gani za nyumba zimebadilishwa: daka (ukumbi wa mlangoni), zidaka (vishubaka vya ukutani), kiwanda (ua) cha ndani, au choo? Sasa una kitu unachoweza kukihesabu kwa kuingia nyumba 15 ukiwa na karatasi, tepu ya kupimia na idhini ya mwenye nyumba. Na kwa kuwa mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, una sababu ya kutosha ya kuuliza swali hilo bila kulazimisha umuhimu wake.

Kipimo chetu ni hiki: je, unaweza kulitaja swali lako kwa sentensi moja kwa nahodha wa mashua kati ya Mokowe, gati ya bara, na Amu, yaani mji wa Lamu, naye akalielewa kabla hamjafika gatini? Kama huwezi, endelea kukata.

Nahitaji vibali gani?

Fuata mpangilio huu, kwa maana kila karatasi huzaa inayofuata.

Kwanza, idara ipitishe pendekezo lako la utafiti na kukupa barua ya utambulisho. Pili, kamati ya maadili ya utafiti iliyotambuliwa rasmi ilipitie. Ikiwa chuo chako hakina kamati, uliza chuo jirani kama kinapokea maombi ya nje. Pwani, chuo kikuu kilicho karibu na Malindi ni Pwani University, kule Kilifi, mwendo wa kilomita 60 hivi. Tatu, omba leseni ya NACOSTI, tume inayosimamia utafiti chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Maombi hufanywa mtandaoni, na huambatanishwa pendekezo, barua ya chuo, cheti cha maadili, kitambulisho na picha. Nne, ukishapata leseni, nenda ukaripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kumuuliza mtu yeyote swali lolote.

Hapa watu wa Malindi hukosea: Malindi si kaunti. Leseni yako itasema Kilifi, na ofisi za kaunti ziko mjini Kilifi. Pitia huko kwanza, ndipo uende kwa naibu kamishna wa Malindi, kisha kwa chifu na mzee wa mtaa.

Baada ya hapo huja vibali vya mahali penyewe. Magofu na makumbusho yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa 1968, iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na utafiti wa viumbe pori hupitia pia taasisi ya utafiti wa wanyamapori iliyoko Naivasha. Msitu wa Arabuko-Sokoke una wasimamizi zaidi ya mmoja, basi waulize kwa maandishi ni nani atie sahihi. Ukitaka kurusha droni kwa utafiti, lazima upate idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Tenga wiki 6 hadi 8 kwa maadili na leseni peke yake. Maombi hurudishwa kwa mambo madogo: fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza ilhali watoa habari ni wasemaji wa Kiswahili au Kigiriama, tarehe za kazi zilizokwisha kupita, au kichwa kwenye barua kisichofanana na kichwa kwenye pendekezo. Hilo la mwisho ndilo linalowarudisha wengi. Ukibadilisha neno moja kwenye kichwa, libadilishe kila mahali.

Mimi ni mwenyeji na kila mtu ananijua. Bado nahitaji vibali?

Ndiyo. Kujulikana kunafungua mlango wa nyumba, hakufungui mlango wa mtahini. Tena wenyeji wana mtihani wao. Mjomba wako hatakukatalia mahojiano hata kama hataki, na jirani atakupa jibu analodhani mama yako angependa kulisikia. Andika uhusiano wako na kila mtoa habari kwenye daftari, ueleze katika sura ya mbinu, na ukiweza nusu ya watoa habari watoke mtaa usio wako. Ukiwa wa Langoni, vuka uende Mkomani.

Nasoma nje ya Kenya. Kuna tofauti gani?

Utahitaji idhini mbili za maadili, ya chuo chako na ya Kenya, na moja haifuti nyingine. Mtafiti wa kigeni lazima pia awe na taasisi ya Kenya iliyomkubali kabla ya kuomba leseni. Kwa hiyo barua za kwanza ziandikwe Oktoba au Novemba ikiwa unataka kufanya kazi Juni.

Vyuo vya nje hufuata maonyo ya safari ya serikali zao, na sehemu za Lamu zilizo karibu na mpaka wa Somalia na msitu wa Boni huwa zimo kwenye maonyo hayo. Uliza ofisi ya safari ya chuo chako kabla ya kuandika pendekezo. Mada nyingi za pwani zinaweza kujibiwa Malindi au Watamu bila kupoteza kitu. Hata mwenyeji asiende vijiji vya bara ya Lamu bila kupitia ofisi ya kamishna kwanza.

Niende uwanjani miezi gani?

Inategemea unauliza nini, na kwa mambo ya pwani upepo ndio kalenda. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, na bahari huchafuka zaidi Juni hadi Agosti. Kaskazi huvuma Novemba hadi Machi, na ndipo vyombo vidogo hutoka kwa wingi. Likizo ndefu za vyuo vingi huangukia katikati ya kusi. Mwanafunzi huja Julai kupima mavuno ya samaki, anakuta mashua zimepandishwa ufuoni, kisha anaandika kuwa uvuvi umeporomoka. Uvuvi umelala tu. Ikiwa huna njia ila Julai, geuza swali: waulize wavuvi wanaishije wakati wa kusi.

Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mchana wa Ramadhani mahojiano ya saa nzima ni mateso kwa pande zote mbili. Baada ya tarawehe watu huwa wachangamfu mpaka usiku. Wiki ya Maulidi, Mfungo Sita, mji wa Amu hujaa wageni. Ni wakati mzuri wa kutafiti Maulidi na mbaya kwa jambo lingine lolote, pamoja na kupata chumba.

Kwa kazi ya ufuoni, miamba au mikoko, panga kwa mwezi. Bamvua huja siku chache kuzunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapo maji hutoka mbali. Wakati wa maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, hata maji yakitoka, miamba mingi haionekani. Kila siku maji hukawia kwa dakika 50 hivi, basi ukipima saa mbili asubuhi leo, baada ya siku tano utapima baada ya adhuhuri. Katika mwezi mmoja una siku 8 hadi 10 tu za kazi nzuri. Zihesabu kabla ya kumwahidi msimamizi vituo 30.

Nihoji watu wangapi?

Kwa hojaji ya takwimu, wengi hutumia fomula ya Yamane: idadi ya watu wote igawe kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unalokubali. Wavuvi 400 kwa kosa la asilimia 10 wanatoa 400 gawa kwa 5, yaani 80. Kwa asilimia 5 unapata 200. Mwanafunzi mmoja kwa wiki tatu anaweza watu 80. 200 ni kazi ya watu watatu. Ile namba 384 inayozunguka kwenye tasnifu nyingi ni ya idadi kubwa isiyojulikana na kosa la asilimia 5. Kuiweka kwa kijiji chenye nyumba 150 ni kuonyesha kuwa hukufanya hesabu.

Namba haitakuokoa ikiwa umechagua vibaya. Watu 80 uliowakuta kwenye baraza moja ni kama mtu mmoja aliyeulizwa mara 80. Omba orodha kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, kisha mchague kila mtu wa tano. Waliokufa na waliohama watakuwa bado wamo kwenye orodha, basi ongeza asilimia 10.

Kwa mahojiano marefu, 12 hadi 20 hutosha. Utajua umefika pale watatu mfululizo wasipokuambia jambo jipya.

Kwa nini majibu ya hojaji yangu hayaaminiki?

Mara nyingi kosa liko kwenye swali, au kwenye kile mjibu anachodhani umekijia.

Mfano wa fidia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa wavuvi wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe shilingi bilioni 1.76. Tangu hapo mtu yeyote mwenye karatasi anayeuliza "unavua kilo ngapi kwa siku?" anaweza kuchukuliwa kuwa anaandikisha fidia. Kilo zitapanda, na watu wasiovua watakuwa wavuvi. Sema mwanzoni kabisa, kwa mdomo na si kwenye karatasi tu, kuwa wewe ni mwanafunzi, jina la mjibu hutaliandika, na hakuna malipo yatakayofuata. Kisha pima mwenyewe: kaa bandarini siku 6, pima samaki wa vyombo vichache kwa mizani, ulinganishe na walichokuambia.

Mfano wa pili ni juya. Nyavu za kukokota zilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, kwa hiyo ukiuliza "unatumia juya?" jibu ni hapana hata kama linaning'inia nyuma yake. Uliza vyombo vya uvuvi vinavyoonekana ufuo huu, si vyake. Na kama jibu linaweza kumpeleka mtu mahakamani, fikiria kama kweli unalihitaji.

Vipimo navyo vina mitego. Mkata mikoko atakuambia ameuza korija 7. Korija moja ni miti 20, lakini ya nini: fito, pau, mazio, boriti au nguzo? Bila jina la ukubwa, namba haina maana. Pishi ni vibaba vinne, ila kibaba cha duka hili si lazima kilingane na cha duka lile, beba mizani. Saa ziandikwe kwa Kiswahili kwenye hojaji yote. Tumeona "saa 2" ikaingizwa kwenye kompyuta kuwa saa nane mchana, na kundi zima la wavuvi likaonekana kutoka baharini wakati wa jua kali.

Jaribu hojaji kwa watu 8 hadi 10 wasio katika sampuli. Ikichukua zaidi ya dakika 30, punguza. Maswali ya mwisho ya hojaji ndefu hujibiwa na miguu iliyokwisha kusimama.

Nirekodi vipi wazee, na Kiamu, lahaja ya Lamu, nikiandike vipi?

Nenda mara ya kwanza bila kifaa. Piga hodi, amkia, jitambulishe wewe ni wa nani, kaa, unywe kahawa ukipewa, uage. Mara ya pili omba ridhaa na uirekodi ikisemwa. Mzee asiyetaka kutia sahihi karatasi ya serikali hakatai kusema "nimekubali". Maalim, sharifu, bibi, kila mmoja umwite anavyoitwa mtaani.

Simu hutosha, ikiwa hali ya ndegeni na kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye nguo. Upepo wa kusi huharibu rekodi kuliko kelele yoyote, basi rekodi ndani ya nyumba, mbali na dirisha la upande wa bahari. Saa 1 ya sauti hula saa 4 hadi 6 za kuandika. Mahojiano 15 ya saa moja ni wiki mbili za kazi ya kutwa. Andika kila jioni.

Usisanifishe. Mtu akisema nti, ndoo, moya, kuya, andika hivyo hivyo, kisha weka Kiswahili sanifu chini ya mstari kama msomaji atakihitaji. Ukigeuza kuwa nchi, njoo, moja, kuja, umefuta ushahidi wako, hasa kama tasnifu ni ya isimu au ushairi. Na mashairi yana wenyewe. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi. Omba idhini ya mshairi, au ya jamaa zake, kabla ya kuchapa beti nzima.

Nikipima mikoko nifuate utaratibu gani?

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, hivyo mada haishi. Tandika kamba mraba wa mita 10 kwa 10, ukianzia ukingo wa maji ukiingia ndani, kwa kuwa mlilana hupenda mbele, mkoko katikati, mkandaa na mchu nyuma. Ukipima mahali pamoja utaona jamii moja. Pima mzingo wa shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Kwa mkoko wenye mizizi iliyoinuka kama miguu, pima sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho. Hesabu visiki pia, kwani visiki ndivyo vinavyosimulia ukataji. Watu wawili, tepu, chaki ya kutia alama miti iliyokwisha pimwa, na viatu vinavyofungwa sawasawa. Ndara hubaki matopeni.

Naweza kuokota vigae kwenye magofu?

Hapana, hata kimoja kilicho juu ya mchanga. Takwa, Shanga, Gede na mengineyo yanalindwa na sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi, na Gede iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kigae kilichotolewa mahali pake hakina tarehe tena. Piga picha penye kipimo cha sentimita, andika mahali, ondoka. Ukitaka vigae vya kushika mkononi, omba kutafiti makusanyo yaliyokwisha kuchimbuliwa. Gede ilianza kuchimbwa na James Kirkman mwaka 1948 na Shanga ilichimbwa na Mark Horton miaka ya 1980, na ripoti zao zinasomeka.

Nyaraka za zamani ziko wapi?

Ripoti za mwaka za wilaya za wakati wa ukoloni, za Lamu na za Malindi, ziko Nyaraka za Taifa, Nairobi. Tenga siku 5. Siku ya kwanza yote huishia kwenye faharasa. Aliye Marekani anaweza kusoma sehemu kubwa kwenye mikrofilamu zilizoko Syracuse University. Miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu iko SOAS, London, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama huisomi hati hiyo, mtafute wa kukusomea kabla ya kuichagua mada.

Data nizihifadhi namna gani?

Nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni yenye nywila. Chumvi na mchanga wa Lamu huua kompyuta bila kubisha hodi. Majina, ukiwa nayo, yawe faili moja, majibu faili nyingine, yakiunganishwa kwa namba. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata wewe mwanafunzi. KoboToolbox, programu ya kujazia hojaji kwenye simu, hufanya kazi bila mtandao, kisha hutuma ukifika penye mtandao.

Nianze kuandika sura ipi?

Mbinu, ukiwa bado uwanjani, maana baada ya mwezi hutakumbuka kwa nini uliruka nyumba ya kumi na mbili. Kisha matokeo, mjadala, mapitio ya maandishi, na utangulizi mwisho. Marejeleo yaingize kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeleo, tangu siku ya kwanza.

Matokeo hayakuonyesha nilichotarajia. Nimefeli?

La. Unafeli ukiyapinda. Kama wenye elimu ya uhifadhi na wasio nayo wanavua samaki wa ukubwa ule ule, hilo ni tokeo. Lieleze, na useme sampuli yako ingeweza kuona tofauti ya kiasi gani.

Watahini huuliza nini siku ya utetezi?

Kwa nini hapa, kwa nini hawa, kwa nini idadi hii, na ungefanya nini tofauti. Dakika 15, kurasa 10 za kuonyesha, ramani moja inayosomeka. Usiseme "muda haukutosha" bila kusema ungeutumia kwa nini.

Nikishapita, kuna deni?

NACOSTI inataka nakala ya ripoti ya mwisho. Wapelekee pia nakala makumbusho au BMU waliokusaidia, na kurasa 2 za muhtasari kwa Kiswahili kwa waliohojiwa. Zisomwe barazani baada ya alasiri, wewe ukiwepo, ukiwa na kalamu: watakusahihisha majina ya mahali, na bado una muda wa kuyarekebisha kabla ya tasnifu kujalidiwa ikiwa utakwenda wiki mbili mapema.